Gari la Tajiri au Gari Lako: Mwongozo Kamili kwa Madereva wa Malori wa Mtwara na Lindi

Kila Novemba, dereva aliyepanga foleni nje ya ghala pale Masasi, akitazama gunia za korosho zikipanda kwenye tela, hupatwa na wazo lile lile: tajiri anavuna, mimi naambulia posho. Anaanza kupiga hesabu. Bei ya tani mara tani 30, mara safari za mwezi. Akifika bandarini Mtwara tayari ana lori lake kichwani, na jina la mwanawe limeshaandikwa kwenye kioo cha mbele.

Hesabu hiyo haina uongo, ila ni hesabu ya Novemba. Lori unalilisha miezi 12, na benki nayo inadai miezi 12.

Msimamo wangu niuseme mapema ili anayetaka kubisha abishe akiwa anajua anachobishia. Huku kusini, kilichopo kati ya kuendesha gari la tajiri na kumiliki lako ni swali moja: nani anabeba miezi ambayo mzigo umekata? Ukiwa umeajiriwa, anayeibeba ni tajiri. Ukinunua, unaibeba wewe, na familia yako inakusaidia kuibeba bila kuulizwa. Kwa hiyo usinunue gari kwa hesabu ya Novemba, nunua kwa hesabu ya Aprili. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa kufuata hilo.

Hatua ya kwanza: chora kalenda ya mizigo ya eneo lako

Chukua karatasi, andika miezi yote, kisha jaza mzigo unaoujua wewe, siyo uliosimuliwa kijiweni.

Korosho ndiyo inayoanza. Minada hufunguliwa Oktoba, na joto lake huendelea mpaka Januari au zaidi kidogo kutegemea mavuno. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo korosho ya mkulima hukaa ghalani kwa risiti mpaka iuzwe mnadani, kuna kazi mbili za usafirishaji ambazo wengi huzichanganya. Ya kwanza ni kutoa korosho kwenye vyama vya msingi vijijini na kuzifikisha kwenye maghala makuu. Hii inafanywa zaidi na Fuso na tandamu (lori lisilo na tela, lenye ekseli mbili nyuma), kwenye njia za mchanga za Tandahimba, Newala, Nanyumbu, Liwale na Nachingwea. Ya pili ni kutoa kwenye maghala kwenda bandarini baada ya mnunuzi kulipa, na hiyo ni kazi ya semi, yaani kichwa kinachovuta tela. Vyama vikuu vya ushirika unavyokutana navyo ni TANECU upande wa Tandahimba na Newala, MAMCU upande wa Masasi na Mtwara, RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na Lindi Mwambao upande wa pwani ya Lindi. Ukijua nani ameshinda zabuni ya usafirishaji kwenye chama kipi, umejua mlango wa kubisha.

Baada ya korosho, mikoa hii miwili haifi kabisa, ila inabadilisha sura. Saruji inatoka mwaka mzima kwenye kiwanda cha Dangote pale Msijute, kilichoanza kazi mwaka 2015. Makaa ya mawe yanashuka kutoka Ruvuma kupitia Tunduru na Masasi, mengine kwenda kiwandani, mengine bandarini kupakiwa melini. Safari yake inazidi kilomita 600 kwenda tu, na vumbi lake linaingia hadi kwenye meno. Chumvi ipo pwani, jasi ipo Kilwa. Kabla mikorosho haijaanza kutoa maua, salfa na viuatilifu husambazwa vijijini, na kazi hiyo wengi wanaidharau ilhali ndiyo inayowaweka wenye Fuso hai kuanzia Aprili au Mei. Ufuta huja karibu na Juni, mbaazi karibu na Agosti. Kutoka Dar es Salaam nako hushuka bidhaa za madukani, mabati na vinywaji.

Sasa tazama karatasi yako. Mwenye semi ana msimu mmoja mnono, halafu anagombea saruji na makaa ya mawe pamoja na kampuni zenye magari mengi. Mwenye Fuso ana vimsimu vinne au vitano vidogo vidogo. Weka tofauti hiyo akilini, tutairudia.

Ongeza mstari mmoja kwenye kalenda: mvua. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Somanga na magari yakalala barabarani kwa siku kadhaa. Wengine walilazimika kuzunguka kupitia Songea. Dereva wa kampuni aliyekwama aliendelea kudai posho yake. Mwenye gari moja lenye mkopo alikuwa anadaiwa tu.

Hatua ya pili: kagua kazi uliyonayo kabla ya kuikimbia

Madereva wengi wanaotaka gari lao hawakimbii kuajiriwa. Wanakimbia kuajiriwa vibaya. Hayo ni mambo mawili, na la pili dawa yake haihitaji mkopo.

Uliza kwanza: una mkataba wa maandishi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi. Tajiri akikwambia "sisi ni ndugu, karatasi za nini", mjibu kwa heshima kwamba ndugu ndio hasa wanaohitaji karatasi. Mkataba utaje mshahara peke yake na posho ya safari peke yake. Hapo ndipo pana mtego mkubwa: bosi anakupa posho nono, mshahara kiduchu au hakuna, na michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inapigwa kwenye hicho kiduchu. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya nusu yake. Mwajiri anatakiwa pia kukusajili WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, na kuchangia kutoka mfukoni mwake peke yake, ili ukiumia kazini kuwe na fidia. Usisubiri uvunjike mguu Nangurukuru ndipo ugundue hukusajiliwa. Nenda ofisi za NSSF na kitambulisho chako, uliza michango imefika mwezi gani.

Halafu kuna makato. Mzigo umepungua gunia tatu, mafuta yamezidi matumizi, taa imevunjika: tajiri anakata mshahara wote wa mwezi na wewe unakaa kimya kwa sababu unaona ndiyo desturi. Sheria inasema vingine. Ili akukate kwa hasara, lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako, akueleze kwa maandishi sababu na kiasi, akupe nafasi ya kujibu, wewe ukubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara wako. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki na 9 kwa siku, likizo ya mwaka ni siku 28, na kwa anayelipwa kwa mwezi notisi ya kuachishwa ni siku 28. Ukifukuzwa bila sababu, peleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Siku ya 31 unaanza kuomba radhi badala ya kudai haki.

Kama baada ya ukaguzi huu unaona tajiri wako analipa kwa wakati, anahudumia gari na amekusajili unakotakiwa, basi tambua kwamba una kitu ambacho wenye magari wengi wa gari moja hawana. Endelea na hatua zinazofuata, lakini kwa utulivu, bila hasira.

Hatua ya tatu: weka daftari la gari la tajiri kana kwamba ni lako

Hii ndiyo hatua nzito kuliko zote, na haigharimu kitu zaidi ya daftari na kalamu. Kwa msimu mmoja mzima, pamoja na miezi mikavu inayoufuata, andika kila safari: ulipakia wapi, tani ngapi, ulingoja siku ngapi kupakia na ngapi kushusha, kilomita, lita, pancha, grisi, kilichobadilishwa gereji, ulirudi na mzigo au mtupu. Bei ya usafirishaji ukiambiwa, andika. Usipoambiwa, dalali anaijua.

Nikuoneshe kwa nini. Chukua semi ya ekseli sita inayotoka Mtwara na tani 30 kwenda Dar es Salaam, kama kilomita 560. Bei hizi nimeziweka kwa mfano, wewe weka za siku hiyo. EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na Mtwara ina bei yake.

Tuseme tani inalipwa sh 60,000, yaani sh 1,800,000. Ikiwa imebeba, gari linakwenda kilomita 2 kwa lita, likiwa tupu kilomita 3. Kwenda lita 280, kurudi mtupu lita 187, jumla 467. Lita ikiwa sh 3,000, mafuta ni sh 1,401,000. Posho ya dereva na utingo sh 200,000. Mkononi inabaki sh 199,000. Dereva aliyegeuka tajiri huiona hiyo laki mbili kasoro, akasema si haba, akanunua kilo ya nyama.

Lakini gari hilo lina matairi 22. Kila moja likiwa sh 600,000, seti nzima ni sh 13,200,000, na ikidumu kilomita 60,000 basi kila kilomita imekula sh 220 ya matairi. Safari ya kwenda na kurudi ya kilomita 1,120 imekula sh 246,400. Weka sh 150,000 ya oili, fita, breki na grisi. Ile laki mbili imeshageuka hasara ya karibu sh 197,000, ila hasara hiyo huioni leo. Utaiona siku matairi yote yanapoisha kwa pamoja mwezi wa tatu na hakuna mzigo.

Rudia hesabu ukirudi na mzigo wa sh 1,200,000. Mapato sh 3,000,000, mafuta lita 560 sawa na sh 1,680,000, posho zile zile, matairi na huduma vile vile: inabaki kama sh 723,000. Gari ni lile lile na barabara ni ile ile. Kilichobadilika ni mzigo wa kurudia tu. Kwa hiyo dereva anayejua kuendesha lakini hajui nani atampa mzigo wa kurudia hajawa tayari kununua, hata awe na hela mkononi.

Sasa weka mkopo. Rejesho likiwa sh 4,000,000 kwa mwezi unahitaji safari sita, zote zikiwa zimejaa pande zote mbili, kabla hujalipa bima, kodi wala ada ya mtoto. Ukitazama daftari lako utaona siku zilizopotea kwenye foleni za kupakia na kushusha. Safari sita kwa mwezi zinawezekana Novemba. Je, daftari linasema zilikuwa ngapi Machi?

Kingine: jilipe. Kama utaendesha mwenyewe, weka kwenye hesabu mshahara ambao ungemlipa dereva mwingine. Gari linaloonekana kuleta faida kwa sababu dereva wake halipwi linakutumia bure.

Hatua ya nne: chagua gari linalolingana na mzigo uliouandika

Ushauri wangu kwa anayeanza na gari moja Mtwara au Lindi ni aanze na Fuso au tandamu, siyo semi. Najua semi ndiyo yenye heshima barabarani. Lakini kumbuka kalenda: gari dogo linaingia kijijini kuchukua korosho, linapeleka salfa, linachukua ufuta na mbaazi, linabeba saruji na mabati kwa mwenye duka Newala. Kampuni kubwa hazina hamu na njia hizo za mchanga, na hapo ndipo penye nafasi yako. Semi inakupeleka moja kwa moja kwenye uwanja wa wenye magari 50, ambao wanaweza kushusha bei kwa miezi mitatu bila kulala njaa.

Mambo ya mizani yanakuhusu kuliko yalivyokuhusu ukiwa umeajiriwa, maana sasa tozo ya kuzidisha uzito ni yako. Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia 2019, inaweka ekseli ya usukani tani 8, ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne tani 10, ekseli mbili pamoja tani 18 na tatu pamoja tani 24. Kwa hiyo gari la ekseli mbili halizidi tani 18 pamoja na uzito wake lenyewe, tandamu tani 26, semi ya ekseli sita tani 50. Juu kabisa ni tani 56 kwa ekseli saba. Toa uzito wa gari tupu ndipo ujue unabeba nini. Na usiangalie jumla tu. Gunia za korosho zikisukumwa zote nyuma ili kuacha nafasi mbele, jumla inaweza kuwa sawa na ekseli za nyuma zikazidi. Simama na wapakiaji. Gunia moja ni kama kilo 80, hivyo safu nne za gunia sita zilizokaa pasipo pake ni karibu tani mbili.

Hatua ya tano: kukagua gari la mtumba

Nenda asubuhi kabla muuzaji hajawasha gari. Ukilikuta limeshapashwa moto, rudi kesho. Injini baridi ikiwaka kwa shida na kutoa moshi wa buluu, inakula oili. Vuta kijiti cha oili, kisha fungua kifuniko cha rejeta: oili yenye rangi ya maziwa maana yake maji yameingia. Likiwa linaunguruma, legeza kifuniko cha kujazia oili usikilize pumzi inavyotoka. Ikisukuma kwa nguvu, ringi zimechoka.

Ingia chini na tochi. Tafuta mahali chesesi ilipochomelewa, hasa nyuma ya kabini na kwenye viti vya springi. Rangi mpya sehemu moja tu ya chesesi isikufurahishe. Kwa semi, tikisa sahani inayobeba tela, na angalia matairi ya tela yameliwa upande gani. Yakiliwa upande mmoja, ekseli zimepinda au bushi zimekwisha. Nenda na fundi wako, siyo fundi aliyekuja na dalali, na umlipe hata kama hununui. Hela utakayompa fundi ni ndogo kuliko bei ya giaboksi.

Linganisha namba ya chesesi na ya injini na zilizo kwenye kadi. Hakikisha TRA kwamba kadi haina zuio la benki. Uliza pia spea: gari ambalo spea zake zinapatikana Masasi na Mtwara mjini ni bora kuliko gari zuri zaidi ambalo kila nati inangojwa kutoka Kariakoo.

Hatua ya sita: pesa

Njia ni nne, na nitaanza na mbaya. Kukopa bei nzima ya gari kwa rejesho lililo sawa kila mwezi, kwa kazi ambayo kipato chake kinapanda na kushuka kwa msimu, ni kujifunga kamba. Ukikopa, kopa si zaidi ya nusu ya bei, na muulize afisa mikopo kama benki inaweza kupanga marejesho yafuate msimu: makubwa kuanzia Novemba hadi Februari, madogo baada ya hapo. Watu wanaokopesha wakulima wa korosho wanaelewa lugha hiyo.

Ya pili ni akiba na SACCOS. Inachelewa, ila haikuamshi usiku.

Ya tatu ni ubia wa madereva wawili au watatu. Inafanya kazi pale ambapo mmoja tu anaendesha, mwingine anatafuta mizigo, na hesabu zinaandikwa na mtu asiye ndugu wa yeyote kati yao. Andikeni mapema: mmoja akitaka kutoka, gari linathaminiwa vipi?

Ya nne ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa dereva mwenye sifa nzuri: mkataba na tajiri wako mwenyewe. Tajiri ana gari lililozeeka kidogo, anataka kupunguza usumbufu, anakuamini. Mnakubaliana bei, unaleta hesabu, yaani kiasi mlichopatana, kila wiki au kila mwezi, bei ikitimia gari linakuwa lako. Watu wa bodaboda na bajaji wamelifanya hili miaka mingi, kwenye malori linahitaji uangalifu zaidi. Mfuate akiwa ametulia, siyo siku ya malipo. "Shikamoo mzee. Ile tandamu ya zamani, ukiniachia kwa mkataba, mimi nitaitunza kuliko yeyote utakayempa." Akikubali, nendeni kwa wakili, na haya yasikosekane: bei nzima na kila kilicholipwa kinaandikwa kwenye daftari la pande zote mbili, nani analipa injini ikifa katikati ya mkataba, nani analipa bima, hesabu inashuka kiasi gani miezi mikavu, na mkataba ukivunjika umelipa theluthi mbili unarudishiwa nini. Hicho cha mwisho ndicho kinachowaliza watu. Bila kukiandika, tajiri anaweza kulichukua gari mwezi wa mwisho na wewe ukabaki umelikodi kwa bei ya kulinunua.

Vyovyote utakavyonunua, bakiza akiba ya miezi mitatu ya matumizi ya gari na nyumba. Hela yote ikiishia kwenye kadi ya gari, pancha ya kwanza itakupeleka kwa mkopeshaji wa mtaani.

Hatua ya saba: karatasi

Hizi hazina hadithi ndefu. Hamisha umiliki TRA mara moja, na usiendeshe biashara kwa kadi yenye jina la mtu mwingine: akifa au akidaiwa, gari linaingia kwenye matatizo yake. Kuwa na TIN na makadirio ya kodi, na toa risiti ya EFD pale inapohitajika, maana mteja mkubwa hakulipi bila hiyo. Chukua leseni ya usafirishaji LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Leseni yako ya udereva iwe daraja E. Bima ndogo inawalipa unaowagonga na haigusi gari lako, kwa hiyo gari lenye deni likatiwe bima kubwa, na mzigo una bima yake tofauti. Bima uliyokata ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kabla hujaingia barabarani. Jiunge NSSF kama mtu aliyejiajiri, kwa kuwa sasa hakuna wa kukuchangia.

Hatua ya nane: mzigo, dalali na hela yako

Msimu ukiwaka utapigiwa simu na madalali usiowajua. "Kaka, gari liko tupu? Ipo ya bandarini, njoo upakie sasa hivi." Kabla hujawasha, uliza manne: mwenye mzigo ni nani, bei ni ngapi na dalali anachukua ngapi ndani yake, advansi ya mafuta inatolewa kabla ya kupakia au baada, na salio linalipwa siku ngapi baada ya hati kurudi ofisini. Dalali mzuri anajibu yote bila kukunja uso. Advansi isipotosha mafuta ya kwenda, mzigo huo unaukopesha wewe.

Kazi za saruji na makaa ya mawe mara nyingi zinashikwa na kampuni, na mwenye gari moja huingia chini ya mgongo wa kampuni hiyo. Hakuna ubaya. Ila malipo ya siku 30 au 60 yanamaanisha unatakiwa uwe na mafuta ya safari zote za kipindi hicho mfukoni. Ingia na gari lako pale tu daftari linapokuonesha unaweza kungoja.

Kwenye korosho, kilichowatoa watu machozi ni upungufu. Chama cha msingi kimepima, ghala limepima, namba hazilingani, na anayetazamwa ni msafirishaji. Unapopakia kijijini, simama kwenye mzani wewe au utingo unayemwamini. Hakikisha mzani umesoma sifuri kabla ya gunia la kwanza. Hesabu gunia zikipanda, siyo zikiwa zimeshapangwa. Gunia lililopasuka au lenye unyevu liandikwe kwenye hati ya mzigo pale pale na karani asaini. Piga picha ya hati kwa simu. Funga turubai na kamba mwenyewe, usilale na mzigo mahali pasipo na mlinzi. Ghalani, usiondoke kabla hujapewa nakala iliyogongwa muhuri yenye kilo zilizopokelewa, hata kama foleni nyuma yako inapiga honi. Karatasi hiyo ndiyo hela yako.

Hatua ya tisa: ukiajiri dereva, na siku ya kuuza

Siku utakapomweka mtu mwingine kwenye usukani, yale yote uliyoyadai kwenye hatua ya pili utadaiwa wewe: mkataba, NSSF, WCF, likizo. Yapigie hesabu kabla. Weka traka kwenye gari na upime mafuta kwa kujaza tenki mwanzo na mwisho wa safari, na posho iwe ya kutosha kula na kulala. Dereva anayelala njaa Kibiti atauza mafuta, na wewe unalijua hilo maana umekaa naye meza moja.

Kama hesabu zimekataa kwa misimu miwili mfululizo, uza. Gari liuze Agosti au Septemba, wakati kila mtu anajiandaa na korosho na wanunuzi wanazunguka Mtwara na Masasi wakitafuta. Ukingoja Februari, utakaa uwanjani na wenzako wote waliokopa Novemba, mkigombea mnunuzi mmoja.